Nilipunguza Pumzi ya Owiti

Nilimwachisha mwenzangu kazi kwa kidole gumba. Sikumsengenya. Sikwenda ofisini. Nilishika padi ya gemu, nikafungua ukurasa wenye jina lake, nikabonyeza kitufe mpaka nambari ya pumzi yake ikashuka na kuwa thelathini na moja. Kabla msimu wa mvua haujaisha, yeye na mke wake na watoto wao walikuwa wamefunga vyombo kwa mashuka, wanatoka kambini.

Mkosaji ni mimi. Nasema mapema ili usipoteze wakati kunitafutia sababu. Sababu nilijitafutia mwenyewe za kutosha, na zote zilikuwa uongo.

Nitamwita Owiti. Si jina lake. Mimi sitajiita chochote.

Nifuate polepole, nieleze kwa mpangilio.

Mimi si mchezaji hodari wa gemu. Ni mtu wa kucheza nikipumzika, basi. Ya kwanza niliishika nikiwa mdogo huko Sigor, ile ya mkononi ya matofali yanayoshuka, ya rangi ya kijivu, inayokula betri kama mbuzi anavyokula majani ya mahindi. Mjomba aliniletea. Nilichopenda ni kwamba kila tofali lina mahali pake. Lakini gemu hiyo haina huruma! Kosa la mwanzo linakaa pale chini, hulifuti, unajenga juu yake na kujenga, mpaka siku moja linakufikia kooni.

Nilipokuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la majani chai upande wa Kericho, nilikuja nayo mfukoni.

Karibu na geti la shamba kuna soko dogo, na sokoni kuna banda la Mama Chela. Anauza chai na mandazi, na kwenye ukuta wa nyuma ameweka skrini kubwa na mashine ya gemu. Huko ndiko nilijua gemu ya magari. Vijana wanaipenda kwa mbio. Mimi niliipenda kwa kona. Ukichelewa kushika breki hata kidogo, unaenda shimoni. Huko pia kuna jamaa alileta gemu ya mkononi ya ukulima. Tulicheka sana! Ng'ombe hapati ugonjwa wa kupe, mvua ya mawe hainyeshi, unamwagilia leo unavuna kesho. Mama Chela aliangalia kidogo akasema, "Huyo mkulima wa humo ndani aje hapa kwetu mwezi mmoja, atatupa jembe."

Lakini kipenzi changu ni gemu ya mpira. Si kwa sababu ya kufunga mabao. Ni kwa sababu inakuruhusu kutengeneza wachezaji wako mwenyewe. Unaandika jina, unachagua urefu, rangi, nywele. Kisha unapewa orodha ya nambari: mbio, nguvu, shabaha, pumzi. Unajaza upendavyo.

Mimi ni mtu wa kutazama. Tangu utotoni, nikikaa na watu nataka kujua nani anatembea vipi, nani anakasirika upesi, nani anaficha nini. Sasa hebu fikiria mtu kama mimi apewe ukurasa kama huo!

Nikatengeneza timu ya watu wetu. Genge letu lote la kuchuna majani. Nyapara wetu nikamweka beki: mbio hafifu, nguvu tele, na hasira juu. Mama Chela nikamweka golini, kwa sababu hakuna kitu kinachompita. Mimi nikajiweka kiungo, nambari za wastani, sikujipendelea. Na Owiti nikamweka winga wa kushoto, kwa maana winga alikuwa kweli. Miaka ya nyuma aliichezea timu ya shamba, na wazee bado wanasimulia alivyokuwa akikimbia kwenye ule uwanja wenye mteremko.

Watu walipenda! Walikuwa wanaingia bandani na magamubuti yao yenye matope kuangalia nambari zao. "Ati shabaha yangu ni hamsini? Nani alikudanganya?" Wenzake wanamjibu, "Ulikosa penalti ya Krismasi ukiwa umebaki na kipa peke yako, nyamaza!" Wakasema huyu jamaa anaona. Nami nikavimba kichwa.

Sasa nikueleze kazi, kwa sababu bila kazi huwezi kuelewa kosa.

Mimi na Owiti tulikuwa tunabeba mashine moja ya kuchuna. Ni mashine ndefu yenye visu, inabebwa na watu wawili, kila mmoja upande wake wa mstari wa majani. Mnatembea pamoja, visu vinapita juu ya miti ya chai, majani yanarushwa kwenye gunia refu linalofuata nyuma. Upande mmoja una injini, ndio mzito. Upande wa pili ni mwepesi. Mnabadilishana.

Ukibeba mashine na mtu muda mrefu, unamjua kupitia mkono wa chuma. Akichoka, unahisi. Akipunguza hatua, chuma kinakuambia kabla yeye hajajua. Mke wake hawezi kujua anavyopumua kama unavyojua wewe.

Owiti alikuwa mtu wa maneno matamu. Aliniita Arap, kama watu wa ziwani wanavyotuita sisi Wakipsigis wakitaka utani. Mimi nilimwita Baba Akinyi, kwa jina la binti yake. Kila asubuhi kabla hatujawasha injini alikuwa ananiuliza, "Arap, umekunywa maziwa yenu ya mursik ya kutosha, ama leo nitakubeba wewe na mashine?" Namjibu, "Wewe uliyekula samaki jana ndiye tutaona leo."

Basi, nikaanza kuhisi kitu kwenye chuma. Kwanza kwenye miinuko. Upande wake ulikuwa unashuka, kisha unapanda kwa nguvu, kama mtu anayejikaza. Mwisho wa mstari alikuwa anainama kufunga gamubuti. Gamubuti haina kamba! Nikatazama. Alikuwa anainama apumue.

Nikamwuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye njia ya lori, tunangoja majani yapimwe.

"Baba Akinyi, una nini?"

"Sina kitu."

"Mimi ndiye nabeba mashine na wewe. Usinidanganye."

Akaangalia kando kuona kama kuna mtu karibu. "Ni kifua, omera, ndugu yangu. Kinabana. Usiku nalala nimekaa. Lakini usimwambie mtu. Mimi ni kibarua wa msimu. Wakijua, wananitoa mashine, na nikitoka mashine, nyumba ya kambi inaenda. Akinyi yuko karibu kumaliza shule hapa. Niachie nifike mwisho wa mwaka, nitaenda hospitali nikiwa na nafasi."

Nikamwambia aende Kaplong, kuna hospitali, wampige picha ya kifua. Akasema ataenda. Nikampa mkono, nikaahidi sitasema.

Na sikusema! Tangu siku hiyo nilishika upande wa injini kila siku. Wenzetu wakaniuliza kwa nini hatubadilishani, nikasema nafanya mazoezi. Jioni mabega yalikuwa yanawaka moto. Nilimpa hata Akinyi ile gemu yangu ya matofali achezee, kwa sababu alikuwa ananitazama nikicheza mlangoni kwangu na kuhesabu mistari kwa sauti. Nilikuwa rafiki mwema. Laiti hadithi ingeishia hapo!

Tatizo ni kwamba mtu mwenye kifua kilichobana alikuwa simba akishika padi. Pale kwa Mama Chela, Owiti hakuwa na mwenzake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na alikuwa anachagua timu ile ile niliyoitengeneza mimi. Anampa mpira winga wa kushoto, yaani yeye mwenyewe, anakimbia ukingoni mpaka mwisho, anakata ndani, bao. Nilimtengeneza vizuri mno!

Jumapili moja baada ya kanisa, mvua ilitufungia bandani. Watu walijaa. Tukacheza mimi na yeye. Alinifunga mpaka watu wakaacha kuhesabu. Kila bao alikuwa anasimama na kuwageukia watu.

"Jamani, huyu Arap mnamwona? Alizaliwa kuchunga mbuzi Sigor! Nani alimpa padi?"

Banda likalipuka. Mama Chela naye akacheka mpaka akamwaga chai. "Mpe fimbo basi, aende akachunge!"

Ulikuwa utani. Nimekulia kwenye utani, najua utani. Lakini siku hiyo ulinichoma. Nilikuwa nimekaa pale na mabega yaliyovimba kwa sababu yake, na yeye anacheka na wao. Nikasema moyoni, wangejua ninayoyajua wangekuchekaje.

Ona wazo hilo lilivyo baya. Lilipita kichwani kama nyoka kwenye nyasi, na mimi sikulipiga. Nililiacha lipite.

Siku iliyofuata mvua ya mawe ilinyesha, kazi ikasimama. Nikaenda kwa Mama Chela, hakukuwa na mtu. Akanipa padi akarudi kwenye mandazi yake. Nikafungua ukurasa wa Owiti.

Nilijiambia nasahihisha. Nilijiambia nambari zote za timu hii ni za kweli, isipokuwa hii moja. Mtu anayeinama kufunga kamba isiyokuwepo hawezi kuwa na pumzi ya tisini! Nikabonyeza. Themanini, sabini, hamsini. Nilipofika hamsini ningeweza kuacha. Sikuacha. Na kulikuwa na kisanduku kimoja cha kusema mchezaji anaumia upesi. Nikaweka alama.

Nikanywa chai, nikaenda nyumbani. Nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Jumamosi banda lilijaa tena. Na siku hiyo nyapara naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi na kikombe chake. Si mtu mbaya, nyapara wetu. Ni mtu wa makamo, hasemi sana, na alipenda kujiona kwenye skrini akiwapiga watu kumbo.

Owiti akachagua timu. Akampa mpira winga wa kushoto. Winga akakimbia, akafika katikati, ule mstari wa pumzi chini ya jina lake ukawa mwekundu. Akaanza kutembea. Beki akamfikia akitembea, akamnyang'anya.

Watu wakacheka. Owiti akacheka pia, akasema padi imeharibika. Akajaribu tena. Winga akakimbia kidogo, akatembea. Mara ya tatu akagongwa, akalala chini ameshika mguu, na wale watu wa msalaba mwekundu wa humo ndani wakaja na machela.

"Owiti! Leo umemeza kuni?"

"Huyo ni mzee wa kanisa, si winga!"

"Mpeni kigoda akae!"

Owiti hakuwa anaangalia skrini tena. Alikuwa ananiangalia mimi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu wamejaa ndani.

Nyapara akaweka kikombe chini. "Nani hubadilisha hizi nambari?"

Mtu mmoja akajibu kwa furaha, akidhani ananisifu. "Ni huyu mtu wa Sigor! Huyu hakosei, mzee. Anajua watu wake kama daktari."

"Ndiye anabeba mashine na Owiti?"

"Ndiye."

Nyapara alinitazama kidogo. Kisha akamtazama Owiti. Akamaliza chai yake, akavaa koti la mvua, akatoka.

Ningeweza kusema pale pale kwamba ni mzaha! Ningeweza kucheka, niseme nilikasirika kwa kufungwa, nirudishe nambari mbele ya watu. Owiti akaweka padi juu ya meza polepole, kama mtu anayeweka yai, akaondoka kwenye mvua bila koti.

Jumatatu nyapara alikuja kwenye mstari wetu kabla hatujawasha injini.

"Leo badilishaneni. Owiti, shika upande wa injini."

Nikasema, "Mzee, mimi nimezoea huku."

"Nimesema badilishaneni."

Ulikuwa mstari wa mteremko, tunapanda. Nyapara akatembea nyuma yetu. Nilijaribu kuinua upande wangu ili uzito usiende kwake, lakini mashine haidanganyiki hivyo. Ukiinua huku, unalemea kule. Nilisikia pumzi yake juu ya kelele za injini. Nilihisi chuma kikitetemeka. Kabla hatujafika nusu, upande wake ukaanguka. Visu viliingia kwenye matawi, injini ikakoroma ikazima. Owiti alikuwa amepiga magoti katikati ya majani, mdomo wazi, anatafuta hewa kama samaki.

Nilimkimbilia. Alinisukuma mkono.

Walimpeleka zahanati ya shamba, na huko akaambiwa asibebe mashine tena. Kazi nyepesi haikupatikana. Msimu wake haukuongezwa. Nyumba ikatakiwa.

Nilimwendea nyapara. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumtupia yeye mzigo wangu. Aliniacha nikamaliza.

"Kijana, hiyo mashine ina visu. Angeangukia visu, ungeniambia nini? Na wewe ulijua. Ulijua muda gani?"

Nikaanza kuhesabu wiki moyoni.

"Mimi nilijulia kwa gemu," akasema. "Kwa gemu! Wewe ulikuwa na mdomo."

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Wako wanaoniambia nilimwokoa Owiti, kwamba angekufa kwenye majani. Labda. Kama ningekwenda kwa nyapara kwa nia hiyo, uso kwa uso, na Owiti akijua, ningelala. Sikwenda. Nilibonyeza kwa wivu wa bao, na kama jema lilitokea, si langu.

Siku waliyohama nilikwenda kuwasaidia kubeba. Mama Akinyi alinipita na sufuria mikononi kana kwamba mimi ni nguzo ya mlango. Owiti alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba.

"Baba Akinyi, nisamehe."

Akiongea alikuwa anasimama kati ya maneno.

"Arap. Ungenisema kwa nyapara, ningekasirika, halafu ningeelewa. Mtu anaogopa visu. Lakini wewe ulinipeleka sokoni nichekwe. Kitu nilichokupa kando ya njia, ukakiweka kwenye skrini."

Nikashika ncha ya kamba ya godoro.

"Na tena thelathini na moja," akasema, na kwa mara ya mwisho nikaona utani ukipita kwenye jicho lake. "Si hata ungenipa arobaini?"

Nilitaka kucheka, nikalia.

Nilipofika kwangu, nilikuta mlangoni kitambaa kimefungwa fundo. Ndani ilikuwa ile gemu ya matofali. Akinyi aliirudisha, ama aliambiwa airudishe. Ilikuwa imefutwa vumbi.

Tangu hapo nimerudi kwa Mama Chela mara moja tu. Nilirudisha pumzi ya winga wa kushoto mpaka mwisho kabisa, pale nambari haiwezi kupanda tena. Nasikia sasa vijana wanampenda. Anakimbia dakika zote tisini na hachoki, hata kama mvua inanyesha humo ndani. Mama Chela aliniangalia nikifanya hivyo, akasema, "Na huyu mwingine je, wa nyama na damu?" Nikaweka padi chini.

Wewe unayesoma hii, nisikilize. Ukipewa siri na mtu, usifikiri mdomo ndio mlango wa pekee. Siri inatoka kwa jicho, inatoka kwa mchoro, kwa utani, kwa picha ya simu unayotuma kwenye kikundi ukisema ni kucheka tu. Na wewe mwenye jicho kali, unayesifiwa kwamba unaona, jiulize kila mara unaona kwa faida ya nani. Mwenzako akiwa mgonjwa na kazi yake ina visu, mwambie waziwazi kwamba utasema, kisha useme. Usimfiche, na usimcheze!

Nimepiga simu ya Owiti mara nyingi. Wengine wanasema yuko kwao karibu na ziwa, anaendelea vizuri, anauza dagaa wa omena. Wengine wanasema alionekana Kaplong, ameshikwa mkono na mke wake.

Juzi simu ikashikwa. Alikuwa Akinyi. Nikamwuliza baba yuko wapi. Akasema walikwenda hospitali yeye na mama, hawajarudi, nyanya ndiye anawapikia. Nikauliza hospitali gani. Hakujua. Kisha akaniuliza, "Anko, ile gemu bado iko?"

Nikamwambia iko, nimeiwekea betri mpya.

Simu ikakatika. Nimeipiga tangu siku hiyo, asubuhi na jioni. Haipatikani.